Faili Lisilo na Uzi

Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, eneo la Kew mjini London, ametunzwa panya mkavu. Si mzaha. Ana namba yake ya kumbukumbu, E 163/24/31, na ameingizwa kwenye orodha kama waraka mwingine wowote wa serikali. Panya huyo alikutwa amekufa katikati ya nyaraka za umma mwanzoni mwa karne ya 19, tumbo limejaa vipande alivyotafuna. Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa akipigania nyaraka za nchi yake ziondolewe kwenye maghala machafu, alimfanya ushahidi. Mwaka 1838 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuanzisha Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, na panya naye akahifadhiwa humo.

Kwa hiyo panya aliyekufa karibu miaka 200 iliyopita anajulikana alipo, kwa herufi na namba. Mjane wa Afrika Mashariki aliyefungua shauri la mirathi juzijuzi tu anafika kaunta na kuambiwa, "Mama, faili halionekani. Njoo kesho."

Maneno hayo mawili, faili halionekani, yamezoeleka mpaka watu wameacha kuyashangaa. Hayamtaji mtu. Hakuna aliyelichukua, hakuna aliyelipoteza, hakuna aliyelifungia kwenye droo akisubiri chai. Faili lenyewe ndilo limejificha, na mwananchi anatakiwa kulisubiri litoke. Kesho anarudi, keshokutwa anarudi, mpaka siku moja mtu mmoja kwenye korido anamnong'oneza kwamba lipo, ila kulitafuta kuna gharama zake.

Faili lilibuniwa ili jambo hilo hasa lisitokee, na asili ya neno lenyewe inaeleza kwa nini. Serikali zetu, ambazo sasa zinakimbilia kompyuta kwa fedha nyingi, zingefanya vyema kuijua asili hiyo kabla ya kununua mashine nyingine ya kunakilisha karatasi.

Waswahili walilichukua neno faili kwa Waingereza, pamoja na rejesta na utaratibu mzima wa ofisi. Waingereza walikuwa wamelipata kwa Wafaransa, na Wafaransa waliurithi mzizi wake kutoka Kilatini, ambako filum ni uzi. Katika karne ya 16 Mwingereza aliyetamka "file" hakuwa na jalada wala kabati akilini. Alikuwa akizungumzia uzi au waya uliotungwa karatasi. Mzizi huohuo ulizaa jina la mstari wa askari wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine, na jina la ule uzi mwembamba unaowaka ndani ya balbu ya taa. Tupa ya fundi chuma nayo huitwa vivyo hivyo kwa Kiingereza, lakini hiyo ina ukoo mwingine; zimefanana kwa bahati tu.

Kutunga karatasi ilikuwa kazi halisi ya mikono. Hati ya mahakama ilipofika, karani aliitoboa, akaipitisha kwenye kamba au ukanda mwembamba, akaisukuma mpaka ilale juu ya ile iliyoitangulia, kama mtu anavyotunga shanga. Kamba ilipojaa, ncha zilifungwa. Hati nyingi za mahakama za Uingereza za Zama za Kati bado zina matundu yale mpaka leo. Hata Shakespeare aliujua utaratibu huo: katika tamthilia ya All's Well That Ends Well, ofisa mmoja wa jeshi anasema barua inayotafutwa huenda imetungwa kwenye uzi pamoja na barua nyingine za mtawala, hemani mwake. Jeshi liko vitani, watu wamelala kwenye mahema, na bado barua zina mahali pake.

Uzi ule ulifanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, ulionyesha nini kilitangulia na nini kilifuata, kwa sababu karatasi ya kwanza kufika ndiyo iliyokaa chini. Pili, ulizuia ujanja: huwezi kupenyeza karatasi mpya katikati ya zilizotungwa bila kufungua kamba na kuzitoa zote za juu, na huwezi kunyofoa moja bila kuacha tundu lililochanika. Tatu, uliweka habari zote za jambo moja pamoja, hivyo aliyetaka kujua mwisho wa shauri alilazimika kupita mwanzo wake. Hakuhitajika msomi kuuendesha. Ulitosha mkono wenye sindano.

Anayedhani mambo hayo yamepitwa na wakati aingie duka la vipuri Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi. Pale kaunta atauona waya uliopindwa kama ndoana, au msumari mrefu uliosimikwa kwenye kibao, umechomwa risiti za wiki nzima. Za Jumatatu ziko chini, za leo ziko juu. Mwenye duka akitaka kujua alimuuzia nani betri siku ya Jumatano, hahangaiki. Anahesabu kutoka juu kwenda chini. Huo ndio mfumo wa makarani wa Uingereza wa karne ya 16, na unafanya kazi vizuri kuliko baadhi ya ofisi zenye viyoyozi.

Kilichoukata uzi ule ni wingi wa karatasi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 reli, simu za maandishi, taipureta na karatasi za kaboni ziliwafanya watu waandikiane kuliko wakati wowote kabla yake. Mpaka hapo, ofisi nyingi zilikunja barua na kuzichomeka kwenye vishubaka vya mbao ukutani, huku nakala za barua zilizotoka zikiwekwa kwenye madaftari mengine kabisa. Swali lilikaa huku, jibu likakaa kule. Wajerumani wakaleta dawa yao: mwaka 1886 Friedrich Soennecken wa Bonn alisajili ubunifu wa mashine ya kutoboa karatasi, na miaka 10 baadaye Louis Leitz, mwenye karakana karibu na Stuttgart, akatoa lile jalada nene lenye mkono wa chuma unaofungua na kufunga matao. Mpaka leo jalada hilo linajaza rafu za wahasibu kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Wamarekani walikwenda njia nyingine. Kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, kampuni ya Library Bureau, iliyoanzishwa na mkutubi Melvil Dewey, ilionyesha namna ya kuzipanga karatasi zikiwa zimesimama ndani ya droo, kila jambo kwenye jalada lake.

Majalada hayo yalitengenezwa kwa karatasi ngumu ya rangi ya mchanga iliyoitwa manila, ileile ambayo walimu wetu wameipa jina hilo mpaka leo wanapoandikia chati za darasani. Jina linatokana na mji mkuu wa Ufilipino, kwa sababu karatasi hiyo hapo awali ilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa abaka, zilezile za kusokotea kamba za meli, na kamba kuukuu zilisagwa kuwa karatasi. Kamba iliyokuwa ikishika meli ikageuka jalada la kubebea barua.

Kabati liliongeza kasi, lakini lilikuwa na hatari ambayo uzi haukuwa nayo. Ndani ya droo karatasi iko huru, na chochote kilicho huru kinaweza kuondoka. Ndiyo maana wataalamu wa ofisi wa zama zile waliweka ulinzi mpya badala ya kamba: namba kwa kila jalada, namba kwa kila ukurasa, rejesta ya kilichoingia na kilichotoka, na kadi ya kuweka mahali faili lilipotolewa, yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Uzi haukuonekana tena kwa macho, lakini ulikuwepo. Ulikuwa umehamia kwenye namba.

Mfumo huo ndio uliofika Afrika Mashariki na serikali za kikoloni, na ndio tuliorithi. Chumba chake tunakiita masjala, neno lenye asili ya Kiarabu kama daftari. Jirani zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, waliotawaliwa na Wabelgiji, walipata jina lingine, dosiye, kutoka Kifaransa. Majina ni mengi, ila kazi ni ileile, na kwa upande wa Waingereza kazi hiyo ilikuwa na kanuni kali ambazo watumishi wengi wastaafu wanaweza kuzitaja wakiwa wamefumba macho.

Barua ikiingia masjala hugongwa mhuri wa tarehe na kuandikwa kwenye rejesta. Kisha hutobolewa na kufungwa ndani ya jalada kwa kamba fupi yenye vipande vya chuma nchani, mabaki ya mwisho ya ule uzi wa zamani. Hupewa namba ya folio, mara nyingi kwa wino mwekundu, kwenye kona ya juu. Upande wa pili wa jalada hukaa karatasi za madokezo, ambako maofisa huandikiana: huyu anaeleza jambo, yule anashauri, mkuu anaamua, kila mmoja akitia saini, cheo na tarehe. Dokezo linalosafiri peke yake nje ya jalada lina jina lake, dokezo sabili, na kanuni inataka mwishowe lirudi ndani ya faili linalohusika. Ofisa anayetaka faili limrudie tarehe fulani huandika herufi BU na tarehe yenyewe. Akishalimaliza huandika PA, na mtu wa masjala hulirudisha kabatini.

Ukilisoma faili lililotunzwa hivyo unasikia watu wakizungumza. Unamwona ofisa mdogo aliyetoa tahadhari, mkubwa wake aliyeipuuza, na tarehe ambayo kila mmoja alijua alichojua. Watawala waovu huliogopa faili kuliko gazeti kwa sababu hiyo. Kuhusu jambo hilo Kenya ina somo ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila chuo cha utumishi wa umma.

Mwaka 2009 wazee wa Kenya, miongoni mwao Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliifungulia serikali ya Uingereza kesi mjini London. Walidai waliteswa vizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita. Mashahidi wengi walikuwa wamekufa, na mawakili wa serikali walisema haiwezekani kuwa na kesi ya haki baada ya muda mrefu hivyo. Wanahistoria waliowasaidia wazee hao, David Anderson miongoni mwao, walikuwa na swali moja la kimasjala: yako wapi majalada ya Nairobi yaliyopakiwa na kusafirishwa kwenda London kabla ya uhuru wa Desemba 1963?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa lilelile la kaunta zetu. Serikali ya Kenya ilikuwa imeomba irudishiwe majalada hayo tangu 1967, na ilikataliwa. Mapema mwaka 2011, wizara ya mambo ya nje ya Uingereza ilikiri kuyapata. Masanduku yapatayo 300, yenye majalada kama 1,500 ya Kenya peke yake, yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Pamoja nayo kulikuwa na majalada ya makoloni mengine. Jumla ilitajwa kuwa majalada 8,800 kutoka maeneo 37. Baadaye yalihamishiwa Kew na kupewa alama ya FCO 141, ambako mtafiti yeyote anaweza kuyasoma.

Ndani yake kulikuwa na maelekezo ya namna ya kuficha. Mei 1961, miezi 7 kabla ya uhuru wa Tanganyika, waziri wa makoloni Iain Macleod alielekeza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, kuwaumbua polisi, wanajeshi, watumishi au watoa habari, au kutumiwa vibaya na mawaziri wa nchi zinazojitawala. Nchini Kenya majalada yaligawanywa makundi mawili: ya kuwaachia wenyeji, na ya siri yaliyopewa herufi W, ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuyagusa. Mengi ya siri yalichomwa. Watumishi waliagizwa majivu yapondwe yasibaki mabonge, na wengine waliruhusiwa kuyatosa majalada kwenye maji ya kina kirefu ndani ya masanduku yenye uzito.

Agizo lililo muhimu kuliko yote kwa hoja hii ni dogo. Maofisa walielekezwa kwamba wakiondoa jalada moja la siri kutoka kwenye kundi linalobaki, watengeneze jalada pacha la bandia na kuliweka mahali pake. Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu namba zilikuwa zimefuatana. Jalada la 14 likikosekana kati ya la 13 na la 15, pengo litasema. Hata mwenye nia ya kufuta historia alijua kwamba uzi wa namba ungemshitaki, akalazimika kuuziba kwa kitu cha uongo.

Oktoba 2012 Jaji Richard McCombe wa Mahakama Kuu mjini London aliamua kwamba kesi ya haki bado inawezekana, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa wingi wa nyaraka zilizobaki. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje William Hague alisimama bungeni, akaeleza majuto ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wazee walikuwa na ukweli wao miaka yote ile. Walichokosa ni karatasi iliyoandikwa na upande wa pili, yenye tarehe na saini.

Uharibifu wa karatasi haukuishia kwenye makoloni. Mwaka 2010 wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza iliharibu kadi za kuwasili za wahamiaji waliotoka visiwa vya Karibi miongo mingi kabla. Miaka michache baadaye wazee waliofika wakiwa watoto walitakiwa kuthibitisha tarehe ya kuingia Uingereza, la sivyo wapoteze kazi, matibabu au haki ya kuishi huko. Serikali ikamtaka mtu alete karatasi ambayo yenyewe ilikuwa imeiharibu. Kashfa hiyo ilipolipuka Aprili 2018, waziri wa wizara hiyo, Amber Rudd, alijiuzulu kabla mwezi haujaisha.

Msomaji anaweza kusema kwamba faili lililopangwa vizuri pia ni fimbo mkononi mwa dola, na atakuwa na haki. Polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, Stasi, walikuwa hodari wa kutunza majalada: waliacha rafu zenye urefu wa kilomita 111, zimejaa habari za majirani, wapenzi na wafanyakazi wenza. Utaratibu peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Wajerumani walilijibu tatizo hilo kwa sheria ya mwaka 1991 badala ya moto. Tangu Januari 1992 raia aliyepelelezwa anaruhusiwa kuomba na kusoma jalada lake mwenyewe. Faili likabaki vilevile. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kulifungua.

Afrika Mashariki nayo imefanya mambo mema ambayo yasipuuzwe. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na bila hizo historia ya vita vya Maji Maji ingekosa nusu ya ushahidi wake. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu kama taaluma. Kenya imekuwa na sheria ya nyaraka tangu 1965. Watu wenye ujuzi wapo. Tatizo ni kwamba masjala imekuwa mahali pa kupeleka watumishi waliochokwa na wakubwa wao, chumba cha chini chenye balbu moja, ambacho mkuu wa idara hujikumbusha kipo siku mkaguzi anapokuja.

Mtu wa masjala anayedharauliwa na kulipwa kidogo anakalia bidhaa yenye bei kubwa. Hati ya kiwanja, jalada la kesi, faili la pensheni: kila kimoja kina watu wanaotaka kionekane na wengine wanaotaka kisionekane, na wote wawili wako tayari kulipa. Asipotia mtu saini kwenye rejesta faili linapotoka, biashara hiyo haina ushahidi. Ndiyo sababu faili lililopotea miezi 8 linaweza kuonekana ndani ya nusu saa.

Dawa inayosifiwa sasa ni kompyuta. Mahakama ya Kenya ilianza kupokea kesi kwa njia ya mtandao mjini Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ikaupeleka mfumo huo katika mahakama zote nchini. Tarehe 27 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Ardhisasa, jukwaa la kuhamishia kumbukumbu za ardhi mtandaoni. Tanzania inahamishia mawasiliano ya serikali kwenye ofisi mtandao. Ni hatua za kuungwa mkono. Wakili wa Lodwar asiyelazimika kusafiri ili kuwasilisha hati moja amepunguziwa mzigo wa kweli.

Lakini kompyuta ililiazima jina la faili bila uzi wake. Tangu IBM ilipotoa diski yake ya kwanza mwaka 1956, yenye uwezo wa kubeba herufi milioni 5, faili la kompyuta limekuwa chombo cha kubebea maandishi tu. Halijali nini kilitangulia. Linaweza kufutwa, kubadilishwa jina na kuandikwa upya juu ya la zamani bila kuacha tundu lolote lililochanika. Picha ya kijalada cha manila kwenye skrini inaweza kumhadaa mtu adhani kamba, folio na rejesta ya masjala vimo ndani. Havimo, mpaka mtu avidai.

Kuna la pili. Ofisi nyingi zinaanza kwa kunakilisha karatasi zilizopo, kwa pupa, ili tarehe ya uzinduzi isipite. Faili lililonyofolewa folio 23 likipitishwa kwenye mashine linatoka na folio 23 ileile ikikosekana, ila sasa pengo limepewa heshima ya kidijitali. Karatasi ya bandia iliyochomekwa ikinakiliwa, nayo inatakasika. Kabla ya kunakili jalada la ardhi au la mahakama, mtu anapaswa kukaa na kulihesabu ukurasa kwa ukurasa, aandike kilichopo na kisichopo, atie saini. Kazi hiyo ni ya polepole na haina utepe wa kukata, na viongozi huikwepa kwa sababu hiyohiyo.

Kinachotakiwa basi si kigeni. Kila mfumo wa serikali uweke kumbukumbu isiyofutika ya nani amefungua faili, lini, na amebadilisha nini, na kumbukumbu hiyo isiwe mikononi mwa ofisi ileile inayotuhumiwa. Mwananchi apewe namba ya faili lake siku ya kwanza, aweze kuona liko kwenye meza ipi na limekaa hapo siku ngapi, bila kutajiwa siri za dola. Faili likikosekana, liandikwe kuwa limepotea, kwa jina la mtumishi wa mwisho aliyelitia saini, na uchunguzi uanzie kwake. Watunza kumbukumbu wapandishwe hadhi na mishahara, kwa kuwa ndio wanaoshika ushahidi wa taifa. Nazo masjala za karatasi zisitelekezwe kwa kisingizio kwamba mfumo mpya unakuja. Mafaili mengi ya wananchi wa leo bado yako kwenye karatasi na yatabaki huko kwa miaka kadhaa.

Wengine wataita haya urasimu. Urasimu unaomchosha mwananchi ni ule wa kuombwa nakala ya kitambulisho mara 4 na ofisi iliyokwisha kuipokea. Rejesta iliyotiwa saini inamchosha mla rushwa.

Sheria ya Kenya ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la raia, na saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Iliziagiza pia ofisi hizo ziwe zimeingiza kumbukumbu zake kwenye kompyuta ndani ya miaka 3. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka huohuo inatoa siku 30. Ni watu wachache wanaozitumia. Kwa hiyo msomaji atakayeambiwa faili lake halionekani asirudi nyumbani na ahadi ya kesho. Aandike barua fupi inayotaja Kumb. Na. ya faili, aombe kuonyeshwa rejesta ya mwendo wake na jina la ofisa wa mwisho aliyelipokea, kisha adai nakala ya barua hiyo igongwe mhuri wa mapokezi mbele yake, wenye tarehe, kabla hajaondoka kaunta.